Kichupa cha asidi ya kuchubua uso: nimekifungua, ila usoni sipaki

Haya wapendwa, karibuni. Hiki ndicho kichupa mlichonijazia maswali yake. Kariakoo kipo, mtandaoni kipo, bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Eti kinaondoa madoa, makovu ya chunusi na mikunjo kwa mpigo. Ngoja nisogeze kamera muone lebo: TCA asilimia 30. Basi! Hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe ya kuisha muda, nembo ya TBS, shirika letu la viwango, ndiyo usiulize.

TCA ni asidi ya trikloroasetiki, na kazi yake ni kuunguza. Huu hapa ute wa yai kwenye kisahani. Nadondosha tone... mmeona? Umeganda, mweupe pe, na jiko sijawasha. Ngozini ni hivyohivyo: protini inaganda, uso unapiga weupe, na daktari anausoma weupe huo ajue asidi imezama kiasi gani. Wewe na kioo chako cha chumbani mtasoma nini? Wengine wanawaambia ikizidi kuwaka upake bekingi soda. Hiyo inazima asidi ya glikoliki, asidi nyingine ya kuchubua iliyo laini kuliko hii. TCA ikishagandisha, imegandisha.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada. Ngozi ikiungua inamwaga rangi, unabaki na doa jeusi kuliko lile ulilolikimbia, tena la miezi. Kama kovu lako la kutoboa sikio lilivimba likawa keloidi, uso usiuguse kabisa. Na hili jua letu la Dar, bila losheni ya kukinga jua ya SPF 30 kwenda juu, linamalizia kazi.

Hata Marekani, Julai 2024, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitoa onyo watu wasinunue asidi kali kama hizi kujipaka wenyewe nyumbani. Fenoli, dawa nyingine kali ya kuchubua, ndiyo kabisa, hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mimi hiki nakipa sifuri. Unataka kuchubua kidogo nyumbani? Chukua glikoliki isiyozidi asilimia 10, pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka ndivyo inavyokuwa kali) isiwe chini ya 3.5, ijaribu kwanza nyuma ya sikio. Makovu yenye mashimo muone daktari wa ngozi, Muhimbili wapo.

Kama umeshapaka na uso unawaka sasa hivi, zima video. Suuza kwa maji mengi ya bomba, dawa ya meno usipake, nenda hospitali, na kichupa nenda nacho.