Walinikagua mimi, masikio ya paka hawakuyatazama

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Kumchukua paka kwa hawa watu wa kujitolea wanaookota wanyama ni kama kwenda kuposa. Nani anabaki nyumbani mchana? Ukihama, paka utampeleka wapi? Sawa, fomu nikajaza. Kisha dada mmoja akanipigia, hata salamu hakumaliza: "Madirisha yako yana wavu?" Nikamwambia mengine yana, mengine hayana. "Basi weka wavu ndiyo tuongee. Paka si mwanasesere." Nikasema, dada yangu, mimi nimefuga paka tangu utotoni. Akanijibu: "Na waliishia wapi?"

Waliishia wapi! Mtu hanijui, sijamkosea.

Wavu nikaweka, picha nikatuma. Nikapewa kijike cha madoadoa, umri kama miezi mitatu, dawa ya minyoo tayari, na kadi ya chanjo inayoonyesha sindano zinazofuata, kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe miezi minne hivi. Hapo nilikuwa nimeanza kuwasamehe.

Usiku akajibanza nyuma ya kabati. Hilo halikunishtua, paka mgeni ndivyo alivyo, unamwachia chumba kimoja mpaka azoee. Ila kujikuna! Anatikisa kichwa, anakwaruza sikio mpaka linatoka damu. Nikamulika tochi: ndani kumejaa chengachenga nyeusi kavu. Utitiri. Na uchafu ule haukujazana kwa siku moja. Yaani nyinyi mliokagua nyumba yangu dirisha kwa dirisha, hakuna hata mmoja aliyefunua sikio la paka?

Nikapiga simu usiku huohuo, nimejiandaa kwa ugomvi. Akapokea yuleyule. Nikafoka, akaniacha nimalize, halafu akauliza kama nimempaka chochote. Nikamwambia bado, ila ninayo dawa ya viroboto ya mbwa. "Usithubutu!" Zile dawa nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, mbwa anaistahimili, paka inamuua. Baadaye daktari wa mifugo aliniambia hivyohivyo.

Hakujapambazuka vizuri, yuko mlangoni na dawa ya masikio. Akamsafisha mwenyewe, taratibu, na hela akakataa. Nikamuuliza, na ndugu zake waliolala naye kikapu kimoja? Maana utitiri unaambukizana. Akasema amekesha akiwatia dawa wote baada ya simu yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Hapo nikakosa la kusema, ingawa radhi hakuomba, na akitoka alisimama kuangalia madirisha!

Kwa hiyo niwasifu au niwalaani? Ukitaka watu watakaopokea simu saa mbovu baada ya kukukabidhi paka, sijaona wa kuwashinda hawa. Lakini usitie sahihi kabla hujamfunua masikio mwenyewe, na umpapase mwili mzima, ukikuta mabaka yasiyo na manyoya uliza kama ni choa, maana hicho kinawapata hadi watu. Ukaguzi wao usiuamini. Lugha yao ndiyo usiseme.

Mkataba unataka afungwe kizazi akikaribia miezi mitano, la sivyo wanamchukua. Juzi dada kanitumia ujumbe wa kunikumbusha, bila salamu kama kawaida. Miadi kwa daktari nimeshapanga. Simwambii.