Maji ya jahazini: kuhesabu kila ratili au kurusha dadu?

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ukiwa safari ya jahazi kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa hadi Lamu, mizigo ifuatiliwe vipi?

Dungeons & Dragons ya 2014 huhesabu uzani: ratili 15 kwa kila alama ya Nguvu ya mhusika, yaani mwenye alama 10 hubeba ratili 150. Ni sahihi, ila vita vikipamba moto hakuna anayekumbuka kufuta na kuandika upya, na karatasi ya mhusika huanza kudanganya.

Dadu ya akiba, yaani kurusha dadu badala ya kuhesabu, ni njia nyepesi zaidi. Pipa la maji lipe dadu ya pande 8, uirushe kila jioni. Ikitoka 1 au 2, shuka hadi pande 6, kisha 4. Ukishindwa hapo, pipa ni tupu. Kwa wastani hufika siku 9, lakini laweza kukauka siku ya 3, na hofu hiyo ndiyo utamu wenyewe. Safari ndefu, chukua hii. Mishale hesabu mmoja mmoja pale tu mpigaji amezingirwa.