Alizeti au zabibu: mizani miwili ya mwanafunzi wa fedha

Darasa la uzamili, jioni, Dodoma. Una milioni 10: ununue mashine ya kukamua alizeti au upande zabibu?

Tuseme mashine inaingiza milioni 5 kila mwaka kwa miaka 3, kisha inakuwa chuma chakavu. Zabibu mwaka wa kwanza haziingizi kitu. Halafu milioni 5, 6 na 8.

Kwa muda wa kurejesha mtaji, alizeti inashinda: miaka 2, pesa imerudi. Zabibu karibu 3. Hesabu unaimaliza chai haijapoa, na mwenye marejesho ya kikoba ataipenda. Ila ile milioni 8 ya mwaka wa nne haiioni kabisa.

Thamani halisi ya sasa inahesabu kila shilingi, lakini huipunguza kadiri inavyochelewa. Kwa kiwango cha punguzo (faida ambayo pesa yako ingepata kwingine) cha asilimia 15 kwa mwaka, milioni 8 hiyo leo ni kama milioni 4.57. Jumlisha, toa mtaji: alizeti inabakiza milioni 1.42, zabibu 2.30.

Mimi nashika hii ya pili, ingawa hiyo 15 ndiyo imebeba kila kitu (wengi tunainakili tu bila kuuliza imetoka wapi). Weka 30 uone: miradi yote miwili inakula hasara, na zabibu ndizo zinazoumia zaidi.