Pawa saplai ya "wati 500" ilivyonizimia harusi ya watu

Mimi naunga video za harusi hapa Goma. Mwaka huu nilijikaza nikapata RTX 3060 ya mtumba, kadi ya picha ya kompyuta, na kadi yenyewe haina neno. Kilichonitesa ni alimantasyo, ndiyo hiyo pawa saplai inayogawa umeme ndani ya kompyuta, niliyoichukua soko la Birere kwa kuwa ilikuwa bei rahisi na boksi limeandikwa 500W kwa tarakimu nene.

"Yaya, hii inabeba studio nzima," muuzaji akaniambia.

Kukata na kupanga vipande, hakuna shida. Nikianza kurenda, yaani kompyuta itoe video nzima iliyokamilika, feni inapanda, kisha pap! Inazima. Mara ya kwanza nilidhani ni umeme wetu huu umekatika, ila taa ya chumbani inawaka. Mara tatu usiku mmoja, na mama wa bibi harusi anapiga simu.

Asubuhi nikafungua kasha la kompyuta. Ile saplai haikuwa na waya wa pini 8 wa kadi. Nilikuwa nimepewa kiunganishi cha kuchukulia umeme kwenye nyaya za diski za zamani. Plastiki yake nyeupe imegeuka kahawia, inanuka. Hapo ndipo niliposoma kibandiko cha ubavuni, ambacho dukani sikukigusa: +12V, njia inayolisha kadi na prosesa, ampea 22. Zidisha: wati 264. Kadi inakula hadi 170, prosesa yangu ya Ryzen 5 3600 karibu 90, na bado diski, feni na ubao mama. Hizo 500 walizipata kwa kujumlisha na njia za volti 5 na 3.3, ambazo kadi karibu haizihitaji.

Kurudisha? "Imeshatumika, yaya." Pesa ikaenda.

Nvidia wanashauri 550 kwa kadi hii. Nikachukua ya 650, yenye alama ya Bronze ya kutopoteza umeme mwingi, yenye ampea 54 kwenye +12V na waya wake halisi wa pini 8. Bei mara tatu. Ukiishika mkononi inaelemea kama tofali. Ile ya kwanza ilikuwa mkebe mtupu. Tangu hapo nimerenda saa tatu mfululizo bila kuzimika.

Kinachonikera sasa ni ondileri yangu, ile ya betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya VA (volti-ampea) 650. Umeme ukikatika katikati ya kurenda, inalia kidogo tu, kisha inaangusha kila kitu. Kumbe VA nazo si wati.