Viputo vya kulenga mchochota wa mishipa: tathmini ya Vevo MicroMarker

Kichupa chenyewe hakivutii macho. Ndani yake mna unga mkavu mweupe ambao, ukitiwa maji ya chumvi, hugeuka kuwa kama maziwa mepesi yaliyojaa viputo vya gesi visivyoonekana kwa macho. Hii ni Vevo MicroMarker ya aina ya kulenga, inayouzwa na VisualSonics ya Toronto kwa maabara zinazofanya ultrasaundi ya panya, yaani picha za mawimbi ya sauti, ambayo viputo huyaakisi vizuri, wala si kwa matibabu ya binadamu.

Kila kiputo kina ganda jembamba la mafuta ya fosfolipidi, na gesi iliyomo ni nzito, isiyoyeyuka upesi katika damu. Juu ya ganda imepandikizwa streptavidini, protini inayoshikamana na biotini, aina ya vitamini, kwa nguvu isiyo ya kawaida, hivyo mtafiti huchukua kingamwili anayoitaka, iliyokwisha kuunganishwa na biotini, akaichanganya na viputo. Anayechunguza mchochota wa mishipa (mwako wa mwili unapojitetea) kwa kawaida huchagua kingamwili ya VCAM-1 au ya P-selektini, molekuli zinazojitokeza kwenye utando wa ndani wa mshipa unapoita chembechembe nyeupe za damu. Uhuru huo wa kuchagua ndoano ndio ninaousifu kuliko yote. Ukubwa wa kiputo nao unafaa: ni kama mikromita 2 hadi 3, ilhali chembe nyekundu ya damu ina takriban 7, kwa hiyo hupita penye damu lakini hakitoki nje ya mshipa, na molekuli tunazozitafuta ziko hukohuko ndani.

Hata hivyo, kinachonunuliwa hapa hasa ni hesabu ya kutoa. Baada ya sindano husubiriwa dakika kadhaa ili viputo vinavyoelea vipungue, picha hupigwa, kisha wimbi la sauti lenye nguvu huvipasua vyote vilivyo mbele ya proba (kifaa cha mashine kinachotuma na kupokea mawimbi), na picha ya pili huonyesha vile tu vilivyoletwa upya na damu. Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo makadirio ya viputo vilivyonasa ukutani.

Utumiaji unadai mkono mtulivu. Sindano nyembamba ikisukumwa kwa haraka huvipasua viputo kabla havijamfikia panya, na bomba la sindano likiachwa limesimama, viputo hupanda juu. Siku moja niliacha bomba namna hiyo nikiwa nashughulika na panya, nikachoma kilichokuwa karibu maji matupu, kisha nikatumia nusu ya siku kutafuta kosa katika mashine ambayo haikuwa na hatia yoyote.

Mashaka yangu makubwa yako kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni. Katika mishipa midogo damu huenda taratibu na kiputo hupata muda wa kunasa. Katika ateri kubwa mkondo hukipitisha kwa kasi, na vichache tu ndivyo hushika. Kwamba jambo hilo linawezekana lilionyeshwa mwaka 2007, Beat Kaufmann na wenzake walipochapisha katika jarida la Circulation picha za VCAM-1 kwenye aota za panya wenye ugonjwa wa ateri. Lakini picha ya aota isiyo na jaribio la ulinganisho, lenye viputo vilivyobeba kingamwili isiyolenga chochote, mimi siipokei, hata ikiwa na rangi za kupendeza namna gani.

Asiyekuwa mtafiti asije akadhani dawa hii iko njiani kuelekea hospitali. Streptavidini hutoka kwa bakteria, na mwili wa binadamu unaweza kuipinga, ndiyo maana viputo vya BR55 vya kampuni ya Bracco, ambavyo matokeo yake kwa wanawake wenye uvimbe wa matiti na ovari yalichapishwa mwaka 2017, vimeiacha kabisa na kubeba peptidi (mnyororo mfupi wa asidi za amino) iliyofungwa moja kwa moja kwenye mafuta. Navyo hulenga VEGFR2, alama ya mishipa mipya ya saratani. SonoVue, viputo vya hospitali vilivyoidhinishwa Ulaya tangu mwaka 2001, hailengi kitu. Huonyesha tu damu inapopita.

Kwa maabara yenye mashine na mtu aliyezoea kumdunga panya kwenye mshipa wa mkia, ningeshauri kununua, ila bajeti ihesabu vichupa vya ulinganisho tangu mwanzo, maana kichupa kikishatiwa maji hakilali hadi kesho.