Tiba ya fikra na tabia kwa binti wa kidato cha tatu: tulicholipia na tulichopata

Nawaandikia akina mama wenye mabinti wa sekondari. Kabla sijatoa hela yangu nilitafuta mtu aliyewahi kulipia huduma hii anieleze inakuwaje, sikumpata.

Binti yangu akipanda daladala la Mbagala kwenda Kariakoo, moyo ulikuwa unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, anahisi anakata roho. Kipimo cha moyo safi, damu safi. Wifi yangu akasema ni mashetani ya shuleni. Daktari akatuelekeza kwa mwanasaikolojia, kituo kidogo cha binafsi, tukaombe tiba ya fikra na tabia, ambayo wenyewe huiita CBT.

Nilitegemea nasaha: jikaze mwanangu, sali, soma. Hakuna. Dada yule mwanasaikolojia alianza kwa kukaa na mtoto peke yake na kumuuliza kama kuna mtu anamshikashika kwenye gari au kumfuata njiani. Hapo nikamkubali. Kama tatizo lingekuwa kondakta, wa kurekebishwa si mtoto. Aliporidhika kwamba si hivyo, ndipo kazi ikaanza.

Na ni kazi kweli. Mtoto alipewa daftari aandike wazo linalomjia kabla ya hofu kupanda. Likatoka hili: "Nikizimia watu watanirekodi na simu." Mimi mama yake sikuwahi kulisikia! Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani aliyeanza kuijenga tiba hii miaka ya 1960, aliona wagonjwa wake wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, wana mawazo ya haraka ya namna hiyo, yanapita kichwani na wao wanayachukua kuwa ndiyo ukweli. Hapa hawakwambii uwaze mazuri. Wanakutaka ulijaribu wazo lako, uone kama linasimama.

Jaribio lenyewe lilinishangaza. Binti aliambiwa abane pua na kuvuta pumzi kwa mrija wa juisi, kisha apande ngazi mbio, kisha azungushwe kwenye kiti cha ofisi mpaka aone kizunguzungu. Yaani wanamletea makusudi yale yale anayoyaogopa. Kabla ya mrija aliandika ana uhakika asilimia 90 kwamba atazimia. Hakuzimia. Moyo ulidunda, ukatulia wenyewe, na yeye akacheka.

Tulipogombana kidogo ni kwenye chupa ya maji na limau. Alikuwa hapandi gari bila limau la kunusa, na mimi ndiye niliyekuwa namnunulia. Dada akasema viachwe nyumbani, na mama asikae kiti cha pembeni yake. Nilikasirika, nikaona ni ukatili. Maelezo yake ni kwamba akifika salama na limau mkononi, sifa zote anapewa limau. Basi wakapanga ngazi: kusimama kituoni tu, kisha kupanda vituo viwili mchana gari likiwa tupu, kisha peke yake, mwisho kabisa Kariakoo saa kumi na moja jioni, mnajua wenyewe pale pakoje.

Sasa anakwenda na kurudi. Hofu humjia siku moja moja, anaiacha ipite. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba daftari amelihamishia kwenye mtihani wa hesabu bila kuambiwa na mtu. Umri huu ndio wa kuwahi, kwa sababu matatizo mengi ya namna hii huanza katika ujana, na wasiwasi huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume.

Kasoro zipo. Fomu zote ni za Kiingereza, na mtoto hofu yake ameiwaza kwa Kiswahili; tuliomba aandike Kiswahili, wakakubali, lakini ilibidi tuombe. Bima yetu haikulipia hata shilingi. Jumamosi foleni ni ndefu na viti ni vya plastiki.

Kwa kawaida tiba hii huwa ya vikao kati ya 6 na 20, kwa hiyo ulizeni bei ya kikao na mpige hesabu yote kabla ya kuanza. Halafu ulizeni kama kuna kazi za kufanya nyumbani kati ya kikao na kikao. Wakiwajibu "mleteni tu tuongee naye", pigeni simu kwingine.