Nimeuziwa samaki wagonjwa, nikaambiwa mimi ndiye niliyewaua

Naandika hasira zikiwa bado kifuani, mnivumilie.

Wiki kadhaa zilizopita nilinunua klauni lochi wanne kwenye duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar. Mwenye tangi anawajua: mwili wa rangi ya chungwa, mikanda mitatu myeusi, wa kwanza umepita juu ya jicho kama wanja, mapezi mekundu. Nimewatamani miaka. Wengi wao huvuliwa mitoni Sumatra na Borneo wakiwa wachanga, wakapandishwa ndege, kwa hiyo anayefika kwetu ameshateseka vya kutosha.

Wawili kati ya wanne walikuwa wamepauka. Chungwa imegeuka kijivu, mikanda imefifia kama kanga iliyoingia jiki. Nikamuuliza mwenye duka. Akasema, "Dada, wamechoka na safari tu. Hawa wakichoka au wakigombana wanapauka. Kesho utaona rangi." Nikamwonyesha na vidoa kwenye pezi la mkia, vitatu, vidogo kama punje za chumvi. "Hayo mapovu ya hewa." Nikaamini. Nikalipa elfu thelathini na tano kwa kila mmoja, kwa sababu nilikuwa na hamu, na yeye aliiona hamu yangu.

Mapovu ya hewa hayaongezeki usiku. Asubuhi ya pili au ya tatu nilipowasha taa nilimkuta mmoja anajisugua kwenye mawe, anajipindua, anajisugua tena, na mgongo wote umenyunyiziwa chumvi. Ni ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea kinajichimbia chini ya ngozi, kikishiba kinadondoka chini ya tangi, kinajigawa, kisha watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa inakipata kikiwa kinaogelea tu, ndiyo maana hata madoa yakitoweka huachi dozi. Na lochi magamba yake ni madogo mno, ngozi ni kama iko wazi, dawa inamchoma haraka kuliko samaki wengine. Nikatia nusu ya kipimo, nikapandisha joto hadi nyuzi 30, nikaongeza pampu ya hewa kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuwatazama.

Wakafa wawili. Wa kwanza nilimkuta amebanwa kwenye chujio. Nikamtia kwenye mfuko, nikarudi naye dukani. Sikwenda kudai pesa, nilitaka tu aone, awatenge waliobaki kabla hajamuuzia mwingine. Yule bwana alikuwa anakunywa chai. Hakuufungua mfuko. Aliushika kwa vidole viwili, akautupa kwenye ndoo ya takataka mbele ya wateja, akasema, "Wewe ndiye uliyewaua. Samaki hawa si wa watu wa kujaribu." Kisha akaendelea na chai yake.

Nimefuga samaki tangu niko sekondari. Maneno yale yamenikaa kooni kuliko hizo pesa.

Ila niseme na la haki. Kuhusu rangi hakunidanganya. Mmoja wa wale waliopauka ndiye mzima mpaka leo, na rangi ilimrudia siku chache baadaye, chungwa ikawaka kabisa. Kumbe kupauka peke yake si ugonjwa, ni hofu au ugomvi wa nani mkubwa kundini. Kati ya waliokufa, mmoja alikuwa na rangi nzuri kuliko wote. Kwa hiyo nilikuwa naogopa kisicho cha kuogopwa, na kile cha kuogopwa nilimwonyesha kwa kidole akakiita hewa. Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe. Mtu anayejua lochi hupauka akichoka hawezi kuwa hajui doa jeupe.

Aliyebaki na huyo mzima anakula lakini anakonda, mgongo umekuwa kama makali ya kisu. Hiyo ni minyoo ya tumboni, inawapata sana lochi waliovuliwa mtoni. Nimepata levamisole, dawa ya minyoo, kwenye duka la dawa za mifugo, ile ya mbuzi, na tumbo limeanza kujaa.

Nilikusudia kuandika msikanyage kabisa duka lile. Lakini siku ile nikitoka, kijana anayeosha matangi alinifuata mpaka barabarani. Akaniambia taratibu, "Dada, wale walishushwa usiku wa kuamkia siku uliyonunua. Ungeniuliza mimi ningekwambia usubiri wiki mbili." Akanipa namba yake.

Na shida ni kwamba lochi hawaishi wawili. Ni samaki wa kundi, watano au zaidi, wakiwa wachache wanajificha kutwa. Wangu wamejibana chini ya gogo, wanatoka nikitia chakula, wanapiga ule mlio wao wa kugonga, ta-ta-ta, unausikia ukikaa karibu na kioo. Juzi nimemtumia ujumbe yule kijana. Amejibu kuna watatu amewatenga kwenye tangi la nyuma, wana siku ya tisa, wanakula, hawana doa. Nimemwambia anishikie mpaka ya kumi na nne, na siku ya kuwachukua aje nao yeye hadi nje.